Waiyego Alihama

Waiyego alikuwa akisugua ndani ya kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet simu ilipolia. Jepchumba, mteja wake mkubwa wa mursik, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, alikuwa amemwingiza kwenye grupu la WhatsApp liitwalo Watu wa Nyumbani Kapseret.

"Karibu Cherono," Jepchumba aliandika. "Huyu ni wetu. Mursik yake ni moto."

Cherono alizaliwa Facebook. Waiyego mwenyewe, kitovu chake kimezikwa hapo hapo Kapseret, na jirani ndiye aliyemfunza kugandisha maziwa. Lakini alipoyatangaza kwa jina lake na uso wake, watu walicheka wakapita. Mursik ya Mkikuyu? Basi akajiita Cherono, jina la kabila la wateja wake, akaweka picha ya vibuyu vya shanga mahali pa uso, na biashara ikanoga mpaka mjini Turbo. Mzigo ulipelekwa na boda. Simu hakupokea hata siku moja, maana "ch" yake ilikuwa ikitoka "sh", na Sherono hakuna. Kusema kweli alimpenda huyo Cherono. Cherono aliitwa dada. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi.

Kabla hajajibu, jumbe nyingine zikaanza kuingia. Mtu akatuma picha ya geti la mabati ya buluu, geti lake.

"Hii ya Waiyego na mamake inabaki ama inaenda?"

"Inaenda. Kura ikiisha tu."

Chini yake, Mzee Amos, msaidizi wa chifu, alikuwa ameweka kidole gumba. Namba ya Mzee Amos ndiyo aliyokuwa ameihifadhi Waiyego ili apige siku mambo yakiharibika.

"Cherono, si wewe uko karibu na hapo?" Jepchumba aliuliza. "Hao watu bado wako?"

Alitaka kutoka kwenye grupu, lakini grupu lenyewe lingemtangaza. Kunyamaza nako hakungemfaa, kwa kuwa alama zilishageuka buluu na kila mtu alijua amesoma. Ndani, mama yake aliyevimba miguu alikuwa akiambua maharagwe na kuimba wimbo wa kanisani.

Waiyego aliogopa, na kwa woga ule akaona amepata akili. Nani ahangaike na nyumba isiyo na mtu?

"Waiyego alihama na mamake," aliandika. "Hapo hakuna mtu."

Jibu halikukawia. Lilitoka kwa mtu aitwaye Stephen, ambaye picha yake ilimwonyesha amevaa suti, na watoto wake mlangoni mwa kanisa.

"Afadhali. Kama hakuna mtu, hakuna dhambi. Kungoja kura ya nini tena? Vijana waende na petroli leo jioni."

"Cherono ametupunguzia kazi," Jepchumba aliandika. "Kongoi, dada."

Mzee Amos akaweka kidole gumba.

"Kongoi," Waiyego akaandika, akirudisha shukrani kama Cherono yeyote angefanya. Akaingia ndani, akapiga magoti, akaanza kumvalisha mama yake viatu. Havikuingia. Akalegeza kamba, akasukuma tena.

"Tunaenda wapi, Waiyego?" mama akauliza kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyesikia vizuri.

"Polepole, Mama," akasema, akitazama dirisha. "Usiniite hilo jina."