Moshi Usio na Dawa

Kazini waliniita Mama Bahasha, na mwanzoni nililipenda jina hilo. Mradi wetu ulikuwa na rada moja kilimani, ndege moja ndogo ya injini mbili, na swali moja: wingu likitiwa dawa, je, linaacha kuangusha mawe ya barafu kwenye mashamba ya watu? Wengi walikuwa wameshajibu. Waliotuuzia dawa walisema ndiyo. Mzee wa getini alisema tunamchokoza Mungu. Wakulima walisema ndiyo siku mawe yasipoanguka, na hapana siku yakianguka. Daktari, mkuu wetu, ambaye hajawahi kumtibu mtu hata mafua maana udaktari wake ni wa hesabu za hali ya hewa, alisema hakuna anayejua, na kwamba sisi ndio tutakaojua.

Dawa yenyewe ilikuwa vijiti vinavyofungwa chini ya mabawa. Rubani akifika kwenye wingu anaviwasha, vinatoa moshi wenye madini ya fedha, na moshi huo unatakiwa kuyagawa maji ya wingu yawe chembe nyingi ndogo za barafu badala ya mawe machache makubwa. Ndivyo inavyosemwa. Lakini stoo yangu ilikuwa na maboksi ya aina mbili. Vijiti vya boksi la pili vilifanana na vya kwanza kwa rangi, kwa uzito, hata kwa moshi, ila havikuwa na dawa yoyote ndani. Kila wingu baya lilipotokea nilifungua bahasha moja kwa zamu yake, bahasha zilizogundishwa kabla msimu haujaanza, na karatasi ya ndani ikaniambia nipakie boksi lipi. Rubani hakujua. Daktari hakujua. Mkulima ndiyo kabisa. Anayetazama hatakiwi kujua, asije akaona anachotaka kukiona. Mwenye kujua nilikuwa mimi peke yangu, mwenye ufunguo wa stoo, na nilikuwa nimetia saini kwamba sitamwambia mtu hadi mradi uishe.

Sasa nimtaje kaka yangu. Mama yetu alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na ni yeye aliyenisuka nywele, vibaya sana, mpaka mwalimu akauliza ni kuku gani amenichakura. Alinisomesha kwa nyanya. Shamba lake liko bondeni, kilomita nane kutoka kwenye rada yetu, na miaka yote alikuwa akilitandika neti juu kwa ajili ya mawe. Mwaka juzi neti zilikuwa zimechakaa, zina matobo ya kupita mbuzi. Nilikuwa nimekaa mezani kwake, nimeshiba, nina kazi mpya na kiburi kipya. Akaniuliza, "Mdogo wangu, ninunue nyingine?"

Nikamwambia, "Kaka, neti za nini tena? Ndege si ipo!"

Akacheka, akazigawa shuleni wakafungie magoli. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Sikuweza kumwambia kwamba nusu ya safari tunabeba moshi mtupu, kwa sababu ya ile saini. Lakini ningeweza kumwambia anunue neti, na hilo hakuna saini iliyonizuia. Niliona aibu tu kurudi nyuma, nikajiambia kwamba bonde lile halipigwi kila mwaka.

Wingu la bahasha ya thelathini na moja lilitokea saa tisa alasiri. Mtu wa rada alipiga simu stoo akasema ni zito, na linaelekea bondeni, kwa makisio yake nusu saa. Nikamuuliza bonde gani. Akasema, "Bonde la nyanya, lipi tena?" Nikachana bahasha. Boksi la pili.

Nitasema jinsi ilivyokuwa, nisijipambe. Nililisogelea boksi la kwanza nikaweka mkono juu ya kifuniko. Mle ndani nilikuwa peke yangu, na hakuna ambaye angejua. Karatasi ningeichana, nyingine ningeiandika mwenyewe. Zilikuwa nyanya za kaka yangu, zimeanza kuiva, siku tisa kabla ya kuchuma. Lakini nilikuwa nimefungua bahasha thelathini bila kuiba hata moja. Ningebadilisha ya kaka, je, wale ambao hawana dada stooni? Na sauti nyingine ikaniambia, huenda dawa yenyewe haina kazi, utaharibu jaribio la miaka mitatu bure. Nilijiona mtu wa haki kweli. Nikabeba boksi la pili.

Rubani, tuliyemwita Kipanga, alikuwa ameshawasha injini. "Mama Bahasha, leo umenipa yenye makali?"

"Nenda zako," nikamjibu. Yeye aliuliza hivyo kila safari, nami nilimjibu hivyo kila safari.

Mawe yalianguka bondeni dakika kumi na moja. Kwetu kilimani hata tone halikudondoka, jua lilikuwa linawaka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchukua kibao. Ndani ya mashamba yaliyokubali tulikuwa tumesimika vibao vya sponji ngumu vilivyofunikwa karatasi ya foili, ili kila jiwe likianguka liache shimo na sisi tuhesabu. Cha kaka kilikuwa katikati ya shamba. Kukifikia nilipita kwenye matuta ambayo siku tatu nyuma nisingeweza kupita, miche ilikuwa imefika kifuani. Sasa vilibaki vijiti vilivyochunwa, na chini tope jekundu la nyanya zilizopasuka, nyuki wamejaa. Kulikuwa na harufu nzuri. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba shamba limekufa na linanukia vizuri.

Kaka alikuwa ameinama anaokota zile ambazo hazikuguswa. Ndoo haikujaa hata nusu. Aliponiona akainuka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Pole na kazi," akaniambia. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi. "Jana nilimwona Kipanga kwa macho yangu. Kazunguka mara nne na moshi wake, na lile wingu jeusi hivyo! Nikamwambia wifi yako, tazama, mdogo wangu anatupigania."

Jirani yake wa shamba la juu alikuwa anapita na jembe begani, akasimama. "Anakupigania?" akasema. "Ndege yao ndiyo iliyoyaleta hayo mawe. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana."

Kaka yangu si mtu wa ugomvi. Nimeishi naye miaka thelathini, sijawahi kumwona akimshika mtu. Alivuka matuta mawili akamkamata yule jirani shati la kifuani. "Rudia," akasema. "Rudia mbele yake. Huyu amelala stooni msimu mzima kwa ajili yako na yangu. Bila wao ungekuta hata hiyo nyumba haina bati!" Jirani akajinasua, akaenda zake akinung'unika. Kaka akarudi anahema, na akanitabasamia ili nisijisikie vibaya.

Hapo nikashindwa. Ningeweza kustahimili matusi. Lile tabasamu sikuliweza.

"Kaka, ule moshi wa jana haukuwa na dawa."

Nikamweleza yote, maboksi, bahasha, saini. Nilieleza haraka na vibaya, na yeye alisikiliza vile anavyosikiliza fundi akimweleza ubovu wa pampu, kichwa ameinamisha kidogo.

"Kwa hiyo ni karatasi," akasema.

"Ni bahati nasibu, kaka. Hakuna anayechagua."

"Ingekuwa na dawa, hizi zingepona?"

"Sijui."

"Hujui wewe, au hajui mtu?"

"Hajui mtu. Ndiyo sababu tunajaribu. Daktari anasema labda misimu mitano mingine, na hata hapo huenda tusiwe na uhakika."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani amemaliza. Akauliza, "Wakati unapakia, ulishajua wingu linakuja huku?"

Ningeweza kudanganya. Miaka yote nimekuwa hodari wa kunyamaza, na ukimya ule ule ungenifaa pale.

"Nilijua."

Akaitazama ndoo yake. Halafu akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usimwambie wifi yako. Yeye anaamini Mungu amekataa. Kwa Mungu atanyamaza. Kwako wewe hatanyamaza." Akaing'oa nguzo ya kibao, akanikabidhi kibao mikononi kwa adabu, kama mtu anavyomkabidhi mgeni mzigo wake. "Haya, bibi mtaalamu. Kahesabu."

Nilihesabu mashimo mia nne na kumi na mbili. Daktari alifurahi, akasema ni kipimo safi, hakijapata kutokea safi hivyo. Msimu huo, wa mwisho wa mradi, ulipoisha nilimkabidhi karatasi za bahasha, akapiga hesabu zake, siku za dawa kwa siku za moshi mtupu, akatuita ofisini akatuambia tofauti iliyopo ni ndogo, inaweza kuwa dawa na inaweza kuwa bahati tu. Akaomba misimu mitano mingine. Kipanga aliweka kichwa mezani. Mimi nilitazama dirishani nikajiuliza ni nini hasa nilichokilinda siku ile, maana jibu lenyewe halikuwepo, na kaka hakuwa nami tena.

Hakuwa amenitukana, wala hakunisema popote. Aliacha tu kupokea simu zangu.

Kabla ya msimu mpya kila mkulima hujaza fomu ya kukubali kibao shambani mwake. Ya kaka ilikuja na mzee wa getini. Kaka alikuwa ameiacha pale getini bila kuingia ndani. Alikuwa ameweka alama penye "najitoa," na penye "sababu" hakuandika kitu. Daktari aliigeuza mbele na nyuma.

"Huyu si kaka yako? Hatuwezi kuacha wazi. Mpigie umuulize."

Nikapiga mbele yake. Akapokea wifi.

"Wifi yangu kipenzi!" akasema. "Umetutupa jamani! Kaka yako hayupo, ametoka asubuhi." Nyuma yake nilimsikia mtu akikohoa, kikohozi ninachokijua tangu nikiwa darasa la tatu. Wifi naye akajua kwamba nimesikia, akaongeza haraka, "Lakini tunakuombea, wifi. Kila siku namwambia, tumwombee mdogo wako, kazi yake ni ngumu." Kaka hakuwa amemwambia. Miezi yote ile alikaa naye, akala naye, akamsikia akiniombea, na akanifichia siri yangu.

Nikamshukuru, nikakata simu. Daktari alikuwa amenishikia kalamu.

"Amesemaje?"

Nikaichukua, na penye sababu nikaandika: hakutoa.