Nafasi Iliyobaki ni ya Daktari

Jumanne alasiri Tomaso Machage alikuwa ameketi ndani ya kibanda chake cha kuchaji simu, mwendo mfupi kutoka Natta. Simu za watu zilikuwa zimepangwa kwenye rafu na nyaya zao, yake ilikuwa mkononi, na alikuwa anakufa. Mzito mmoja wa timu pinzani alikuwa amemkuta nyuma ya ukuta aliokuwa akiujenga, akaubomoa ukuta, akambomoa na yeye, kisha akaendelea na safari yake taratibu kama mtu anayekwenda kuchota maji. Tomaso aliweka simu chini akamwambia mteja wa kwanza aliyetokea, ambaye alikuwa mchungaji wa kanisa, kwamba waliotengeneza mchezo ule hawana haya.

Mchungaji aliitikia kwa kichwa na kuomba chaja. Maoni ya Tomaso kuhusu nafasi za wachezaji katika mchezo wa Ngome yalijulikana kijiji kizima, hata kwa watu ambao hawakuwahi kuushika. Mshambuliaji, alisema, ni nafasi ya wenye pupa: anatangulia kufa halafu analaumu wenzake. Snaipa anakaa juu ya paa mechi nzima, anajisifia watu wawili aliowapiga, na huku bendera inachukuliwa chini ya pua yake. Mwenye akili alikuwa Fundi peke yake, na Fundi walikuwa wamempunguza. Kuta zake zilikuwa za matofali, toleo lililopita wakazigeuza za mbao, na Tomaso, ambaye alikuwa Fundi tangu siku ya kwanza, aliona wamemdharau yeye binafsi. Kuhusu Mzito hakuweza kuongea akiwa amekaa. Mzito alikuwa na uhai mara sita ya mchezaji mwingine yeyote, hakuhitaji shabaha wala ujanja, na mtu angeweza kumchezea kwa mkono mmoja huku anatafuna muwa, akashinda. Kila watu walipolalamika, wenye mchezo walimwongezea uhai kidogo.

Daktari hakuna aliyemtaka. Badala ya bunduki alikuwa na sindano, na sindano yenyewe, hapa Tomaso alipandisha sauti, ilimponya yeyote iliyemgusa, awe mwenzako awe adui. Wenye mchezo walisema hivyo ndivyo daktari alivyo. Tomaso alisema hivyo ndivyo mjinga alivyo. Ukichelewa kuingia kwenye mechi, hiyo ndiyo nafasi unayoikuta inakusubiri, na ukiikataa unakuwa Mtazamaji. Unaona kila kitu, unazunguka popote unapotaka, lakini risasi zinapita ndani yako na sauti yako haimfikii mtu. Mtazamaji si nafasi, alisema Tomaso, ni mahali unapowekwa. Mchungaji alikuwa ameshaondoka.

Saa kumi na moja alifunga kibanda akaenda kulinda mtama wa mama yake. Nyangi alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa la mwisho kabla ya pori. Misimu miwili mfululizo tembo walikuwa wameingia na kumwachia mabua. Mwaka huu alikuwa amesema, huku akipalilia na bila kununa, kwamba mtama ukiliwa tena atafunga mizigo aende kwa kaka yake huko Turwa, Tarime, akakae kwenye chumba cha uani mpaka afe. Tomaso aliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia mama yake siku alipoacha ugoro, na hakuwahi kuugusa tena. Ilikuwa imebaki wiki moja wavune.

Toleo jipya la mchezo lilikuwa limeingia mchana ule. Tomaso hakuwa amesoma maelezo yake kwa sababu bando lilikuwa limemwishia, na alipofika shambani alikuta maandishi juu ya vichwa vya watu. Yalikuwa meupe, yakielea shubiri moja juu ya nywele. Juu ya Athanas, jirani aliyekuja na tochi, yaliandikwa Mtazamaji. Juu ya Elia mwenye vuvuzela, Mtazamaji. Nyangi alikuwa ameketi juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, naye alikuwa Mtazamaji. Wegesa, mwanamke wa shamba la pili, hakuweza kuyaona ya kwake, akaomba asomewe. Aliposomewa aliuliza kama yatamzuia kubeba kuni kichwani. Tomaso alisema hayatamzuia, yatapanda juu ya kuni, na Wegesa akaridhika.

Tembo walitokea jua likiwa limekaribia vilima. Juu ya kila mmoja paliandikwa Mzito, na chini ya neno hilo kulikuwa na mstari wa uhai, mrefu na wa kijani. Aliyetangulia, jike mkubwa mwenye sikio lililochanika, ndiye peke yake ambaye mstari wake ulikuwa mwekundu na mfupi kama kidole. Alikuwa anachechemea. Waya wa mtego, wa wale wanaotega swala, ulikuwa umezama kwenye mguu wake wa mbele.

Wegesa alipiga debe, na wote pale wakalisikia vizuri, isipokuwa tembo. Elia alikwenda na vuvuzela mpaka chini ya sikio la mmoja, akapuliza mpaka macho yakamtoka, na tembo akaendelea kutafuna. Mwanga wa tochi ya Athanas uliingia ubavu mmoja wa mnyama ukatokea wa pili, ukamulika kichaka. Tomaso, ambaye hasira zilikuwa zimemfika kooni, alimsukuma tembo mguuni kwa mikono yote miwili, na mikono ikazama mpaka viwikoni. Ndani kulikuwa na joto. Aliitoa akaifuta kwenye suruali.

Tembo walikula mistari minne ya mtama kisha wakaondoka polepole, kwa kumsubiri yule anayechechemea.

"Tumetolewa nje," Tomaso aliwaambia wenzake. "Na mechi haijaanza."

Asubuhi alinunua bando akawaandikia wenye mchezo. Alisema watu wa kijiji chao wamewekwa kuwa Watazamaji bila kuulizwa, kwenye mashamba waliyolima wenyewe. Alisema Wazito wameingizwa katika shamba la mjane. Aliomba wapunguzwe, au ikishindikana Fundi arudishiwe kuta zake za matofali. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini. Lilisema wanamshukuru kwa kuwa mchezaji wao, maoni yake ni muhimu sana kwao, nafasi zote za mechi hii zimejaa, na nafasi iliyobaki ni moja, ya Daktari. Tomaso alitamani kuitupa simu kwenye lambo la ng'ombe.

Jioni aliwaeleza wenzake chini ya dungu. Athanas alisema yeye na sindano hawajawahi kupatana. Elia aliuliza kama hakuna Snaipa, akajibiwa hakuna, na hata angekuwepo, anayekutwa karibu na tembo aliyekufa haulizwi maswali mengi kabla ya kupelekwa jela. Wegesa alikuwa na mtoto mgongoni. Nyangi akasema kutoka juu apewe yeye.

Tomaso alibonyeza. Maandishi juu ya kichwa cha mama yake yakabadilika, na kiganjani mama akakuta sindano, saizi ya ile ya kuchanjia ng'ombe, yenye dawa ya kijani. Nyangi aliigeuza kwenye mwanga, akaona iko sawa.

Tomaso alimwomba asiitumie. Alimweleza kama alivyozoea kuwaeleza wateja wa kibandani: yule jike ana uhai wa kidole kimoja, siku chache tu ataanguka, na akianguka kundi lake litahama, na wao watavuna. Hakuna haja ya kufanya kitu. Hii ni mara ya kwanza Mzito amekuja akiwa nusu mfu, na kumponya itakuwa ni kurudia kosa lile lile la kumwongezea Mzito uhai, ambalo yeye Tomaso amelipigia kelele miaka yote.

Mama aliyemzaa Nyangi alikuwa Mwikoma, wa watu wanaomheshimu tembo, na alimlea bintiye asimtukane, lakini Nyangi hakulitaja hilo. Alisema tembo asiyeweza kutembea hula kilicho karibu naye, na kilicho karibu ni mtama wake. Wenzake hawawezi kumwacha. Akipona atarudi huko ndani alikozoea, nao watamfuata.

"Mama, huyo ni wa timu nyingine."

"Najua ni wa timu gani," alisema Nyangi. "Ndiye anayekula mtama wangu."

Tembo walipokuja alishuka kwenye dungu akaenda. Alimwamkia yule jike shikamoo, kwa kuwa hakujua nani kati yao ni mkubwa na hakutaka kukosea. Tembo alisimama. Alikuwa anamwona. Nyangi aliukata waya kwa koleo la Athanas, akauvuta, akachoma sindano juu kidogo ya kidonda, na wote wakautazama ule mstari mwekundu ukirefuka. Ulifika urefu wa mkono, ukageuka kijani, ukaendelea mpaka ukawapita tembo wengine wote. Nyangi alimpiga kofi dogo begani.

"Haya, nenda," alimwambia.

Akaenda, na kundi lake likamfuata, na jioni ile hakuna aliyekula hata suke. Walipika chai. Elia alipuliza vuvuzela kwa kujifurahisha. Tomaso alikunywa vikombe viwili na kusema, kwa shida, kwamba inawezekana Daktari akawa na matumizi yake, na Nyangi hakumcheka, alimwongezea sukari.

Kesho yake jike yule alirudi. Alikuwa anatembea haraka, mguu mzima, na alikuwa amekwenda mbali kama Nyangi alivyosema, huko ambako kwa kuchechemea asingefika. Alikuwa amerudi na wenzake wa huko. Neno Mzito lilijipanga kutoka mpaka wa shamba hadi ndani ya pori, na mistari ya kijani ikawa mingi mpaka Tomaso akaacha kuihesabu. Waliingia pamoja. Nyangi alikimbia akasimama katikati ya mtama wake, mikono ameitanua, akiwa mtu pekee waliyeweza kumwona, nao walimheshimu sana. Walimzunguka kwa uangalifu, hakuna aliyemgusa hata kwa mkia. Walikula mbele yake, nyuma yake na pande zote mbili, na jua lilipozama walikuwa wamemwachia duara la mtama lenye upana wa mkeka, yeye akiwa ndani. Tomaso alikuwa juu ya dungu anapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alilia pia, kwa hasira, na hakujificha.

Ijumaa alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya wanyamapori kuzungumza na wanakijiji. Juu ya kichwa chake hapakuwa na maandishi yoyote, kwa maana alikuwa hachezi. Alitazama shamba la Nyangi akasema anafurahi kuona watu wameshavuna. Alizungumza kwa kirefu kuhusu kuishi vizuri na wanyama, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Mikono ilinyooshwa yote, ya wanaume na ya wanawake, na Athanas alisimama kabisa. Yule bwana aliwatazama, akasubiri kidogo, akasema kwa kuwa hakuna swali anawashukuru kwa ushirikiano wao.

Alipokuwa anakwenda kwenye gari alimwona Nyangi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita Daktari. Nyangi alimweleza kuhusu waya na mguu, na bwana alisikiliza kila neno, akauliza maswali mazuri, akampiga picha akiwa ameshika sindano. Kisha Nyangi alimweleza kuhusu mtama. Bwana alitega sikio, akakunja uso kama mtu ambaye mtandao unamkatikia, akasema haloo, haloo, halafu akaaga.

Nyangi alivuna lile duara, likajaa nusu debe. Jumapili baada ya ibada alifunga mizigo, akapanda bodaboda hadi Mugumu kwenda kutafuta gari la Tarime, debe likiwa mapajani na neno Daktari likipepea nyuma yake kwa upepo wa pikipiki. Tomaso alisimama barabarani hadi vumbi likatulia. Kisha alifungua simu akawaandikia wenye mchezo maneno makali ambayo hakuwa amewahi kuyaandika, nao wakamshukuru.

Anaendelea na kibanda. Bado ni Mtazamaji, kama jirani zake, na watu wamezoea. Watoto wanaozaliwa sasa wanatoka na neno hilo likiwa dogo, linakua nao. Jioni huwa anapanda kwenye dungu ingawa hakuna cha kulinda. Jike mwenye sikio lililochanika huja peke yake, anavuka mabua, anasimama mahali lilipokuwa duara na kuinua mguu wa mbele kidogo, kama anayemngoja mtu autazame. Nyangi hupiga simu saa hizo hizo kutoka Turwa.

"Amekuja?"

"Amekuja."

"Na mguu?"

Tomaso huutazama, kwa kuwa hapendi kumdanganya. Anamwambia umepona kabisa, anakanyaga vizuri, hata kovu halionekani. Nyangi husema haya, hufurahi kidogo, humwuliza kama amekula. Shamba haliulizii.

Akishakata simu, Tomaso huchukua debe la Wegesa na kulipiga kwa nguvu zake zote mpaka mkono unakufa ganzi. Wegesa humsikia akiwa jikoni kwake, Athanas humsikia akifunga ng'ombe, na mchungaji husikia kutoka kanisani. Tembo hukaa pale mpaka anapoamua mwenyewe kuondoka.