Jicho la Kushoto la Kiongozi

Watu wa filamu hawakuniuliza mimi, walimuuliza mkwe wangu. Filamu yenyewe imetolewa kwenye kitabu cha zamani, cha nchi ambako serikali inachungulia watu hadi chumbani. Wakamwahidi atacheza askari. Huyo mume wa binti yangu, ukimtajia sare hana breki. Akawaruhusu wabandike picha ya Kiongozi wa nchi hiyo kwenye ukuta wa nyumba yangu.

Wabandikaji walipima ukuta kwenye karatasi, huko ofisini kwao. Dirisha hawakulijua. Nimerudi kutoka dukani kununua uzi, nakuta uso mkubwa kama lori, na chumba changu cha kushonea giza totoro. Umeme sina. Sketi sita za shule zilibaki pindo, mwalimu mkuu anazipitia jioni ileile. Akizikosa, kazi yote anampa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye domo.

Nikashika mkasi. Dirisha lilikuwa limeangukia jicho la kushoto. Nikalikata lote, nikasogeza cherehani, nikashona.

Mwongozaji akapayuka na kipaza sauti: "Wewe bibi! Toa kichwa kwenye jicho!"

"Toa jicho lako kwenye dirisha langu!"

"Jua linatukimbia, mchawi wewe!"

"Na mimi nalitaka hilohilo, baba."

Akamtuma mkwe wangu aje anibebe. Kaingia na mabuti, kofia imemmeza masikio, akaganda mlangoni. Mama mkwe haguswi, hata uwe askari wa kweli.

"Karibu, afande. Utaanzia kiunoni au miguuni?"

"Mama, unaniharibia."

"Si unibebe basi?"

Akainua cherehani yangu, akatoka nayo. Mwizi mwenye adabu zake!

Nikabaki na sindano ya mkono. Nikashona palepale jichoni, huko nje wakitukanana wao kwa wao, mpaka mwongozaji akakata tamaa: "Pigeni picha hivyohivyo!"

Sketi ya sita ilienda na pindo la kombo. Mwalimu mkuu akaguna, akaichukua. Cherehani ililetwa na binti yangu. Mumewe hajakanyaga kwangu hadi leo, wala sijamwita.

Filamu imetoka. Humo wanasema Kiongozi anaona kila kitu. Mtazame vizuri: ndani ya jicho lake kuna bibi kizee, anakata uzi kwa meno.