Mibangi ya Noeline Iliyoota Sufu

Jumatano moja ya Novemba, siku moja baada ya mbio za farasi za Melbourne, Noeline Pracy alijaza ndoo tatu maji ya bomba akazipanga kwenye ngazi ya nyuma bila vifuniko, ili klorini iende zake. Mjini Canberra hakuna mtu mwenye akili zake anayepanda kitu nje kabla ya mbio hizo, maana baridi ya huko ina tabia ya kurudi kuchukua ilichosahau. Kesho yake alichovya kipimo chake ndoo moja baada ya nyingine, akaandika daftarini uchachu na chumvi ya kila moja, akasema maji ni mema. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa miaka ishirini na sita alipima maji ya watu katika maabara, na hata sasa, mstaafu wa miaka sitini na tisa, hanywi chai ya mtu kabla ya kuuliza maji yametoka wapi.

Mibangi ilikuwa ya Merv, mumewe. Merv alikuwa dereva wa basi mpaka miguu ilipomsaliti. Ilianza ganzi kidogo vidoleni, ikageuka moto, kisha moto huohuo ukahamia mikononi, na viganja vikaota vijidutu vigumu ambavyo daktari alisema ni vya usukani. Vidonge vilimvuruga tumbo. Kilichomletea usingizi ni kijiko kidogo cha mafuta ya bangi basi, na chupa aliyokuwa nayo ilikuwa inaelekea ukingoni. Sheria ya mji ule inamruhusu mtu mzima kupanda mibangi miwili, na nyumba moja isizidi minne, tena nje, kwenye jua la Mungu, bila taa. Kwa hiyo Noeline alipanda minne. Ilitakiwa ivunwe kabla ya jalidi ya kwanza, ule umande ugandao na kuua mimea, mwishoni mwa Aprili. Akishindwa, Merv angemaliza majira yote ya baridi ameketi kitandani akizisugua nyayo zake na kutukana chinichini.

"Usiisumbue na vipimo vyako," Merv alimwambia kutoka kwenye kiti chake. "Ni majani hayo, mama. Yanataka maji na jua, yamekwisha."

"Haya, na wewe nikupe maji na jua, tuone utafika wapi."

Alinunua mifuko ya nyuzi za makumbi ya nazi, mboji ya minyoo, na zile chengachenga nyeupe nyepesi zinazoipa mizizi nafasi ya kupumua. Akachanganya kwa koleo juu ya turubai, kwa uwiano, kama unga wa maandazi. Lakini vyungu vilikuwa vikubwa na mifuko haikutosha. Akaenda bustanini akachota toroli moja ya udongo wake mwenyewe, ule alioulima na kuushibisha samadi kwa miaka thelathini na moja, uliotoa nyanya ambazo mtaa mzima wa Tolmer ulizijua kwa ladha. Toroli ikatosha vyungu vitatu. Cha nne alikijazia mabaki ya mifuko, akakisogeza kando karibu na kamba ya nguo kama mtoto wa kambo. Udongo wa bustani hakuupima. Nani anampima mwanawe?

Katikati ya Januari mibangi mitatu iliota sufu.

Mwanzoni Noeline alidhani ni ule ukungu mweupe unaoingia wakati wa joto, akaipangusa kwa maji yenye maziwa kidogo, kama wafanyavyo wakulima wa maboga. Asubuhi ilikuwa imerudi, ndefu zaidi. Akaleta kioo chake cha kukuzia. Zilikuwa nywele zenye mawimbi madogo yaliyobanana, zimeng'aa kwa mafuta, zimetoka pale ambapo shina linazaa jani. Sufu ya kondoo, tena ya merino, wale wa sufu laini kuliko wote. Akamwita mumewe, naye akaja kwa fimbo yake, akainama.

"Sufu," Merv alisema.

"Naona."

"Itaharibu mafuta?"

"Hilo ndilo ninalotaka kujua."

Jirani yao Col Tranter, aliyenyoa kondoo miaka arobaini mpaka mgongo ukamwambia basi, alikuwa amesimama kwenye uzio na kikombe chake. "Nitrojeni imezidi," alitoa hukumu. "Umeishibisha mno, bibie. Kiumbe akishiba sana anaota nywele."

Noeline aliutazama upara wake uliokuwa uking'aa juani. "Basi pole, jirani. Miaka yote hii una njaa na hatukujua."

Mwingine angeing'oa na kununua mingine. Noeline alijikuta akifurahi. Tangu astaafu hakuwa amepata swali lenye maana, watu walikuwa wakimuuliza habari za wajukuu asionao. Akafungua ukurasa mpya, akapiga mistari, akaanza kubadili kitu kimoja kimoja. Chungu cha kwanza alikinywesha maji ya mvua ya tangi peke yake. Sufu ikarefuka kidole kizima kwa juma. Cha pili alikikatia mbolea zote. Majani ya chini yakageuka manjano, sufu ikazidi weupe. Cha tatu akashusha uchachu wa maji yake tone kwa tone hadi ulipomridhisha. Sufu ikajikunja vizuri zaidi, basi. Kile cha nne, mtoto wa kambo, hakikuota hata unywele mmoja. Kilikuwa kimejaza maua manene, yenye utomvu, yakinukia hadi barabarani.

Mwisho wa Januari aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari gotini. Maji si tofauti. Mbolea si tofauti. Jua ni lilelile la wote. Kilichobaki ni toroli. Uso ukamwaka moto kwa aibu.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Maji ya watu nayapima mpaka mwisho, udongo wangu nauachia imani."

Kufikia Februari sufu ilikuwa inaburuta kwenye vigae na kukusanya nzi, ikabidi aombe msaada. Col alikuja na mkasi wake wa kunyolea kondoo, wa mkono, uliofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Kila mbangi aliunyoa kwa dakika tatu, ngozi nzima ya sufu ikitoka kipande kimoja, na mbangi ukabaki umesimama mwembamba, umetulia. Alizitandaza sufu zote tatu juu ya meza ya bustani kama alivyozoea. Kisha akavuta kishungi, akakiangalia ncha, akakinusa. Mzaha ukamtoka usoni.

"Hii imepita joshoni," alisema.

"Josho gani?"

"Josho la Kirkwall. Hapa pote palikuwa shamba la kondoo kabla ya mji kutufikia. Baba alikuwa kibarua wao, akiwazamisha kondoo humo, mmoja mmoja, kichwa na yote, kwenye dawa ya aseniki, kuua chawa. Ona ncha ilivyo ya manjano. Dawa ikichoka wanatoa kizibo, inatiririka iendako."

"Lakini josho liko kule wanakochezea watoto. Lina uzio na kibao."

"Lile ni hori la kunyweshea farasi." Col alikunja sufu taratibu. "Watu wa ofisi walikuja na ramani, wakaona saruji ya zamani, wakaizungushia uzio, wakaenda kula. Mimi baba alinionyesha josho kwa kidole nikiwa na miaka sita." Akanyoosha kidole chake mwenyewe. Kilielekea kwenye tuta la nyanya.

Noeline alimtazama. "Col. Miaka thelathini na moja. Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Halafu, Noeline, nyanya zako zilikuwa nzuri."

Noeline aliupeleka udongo maabara, kwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, na kishungi cha sufu na ua moja la chungu cha nne pia, kila kimoja kwenye mfuko wake wenye jina na tarehe. Majibu yakaja baada ya siku tisa. Sumu ya aseniki ilikuwa mara sitini ya kiwango kinachoruhusiwa, kwenye udongo na kwenye sufu. Kwa bangi ya chungu cha nne, hakuna kitu. Noeline alisoma karatasi mara mbili, akaenda kuketi kwenye ukingo wa bafu, akafunga mlango. Yeye mwenyewe nyanya humletea kiungulia, na mboga za majani hazipendi. Bustani ile yote ilikuwa ya Merv: rojo la nyanya la kila Jumapili, spinachi, viazi vidogo vya Krismasi alivyovila na maganda yake. Alijua aseniki ikiliwa kwa miaka huwasha moto miguuni na kuotesha vidutu viganjani. Aliogopa, kisha akaumia vibaya, maana mkono uliomlisha ulikuwa wake.

Alimwambia siku hiyohiyo, jikoni. Merv alivitazama viganja vyake, vile vijidutu, akavihesabu kwa macho.

"Kwa hiyo ni nyanya," alisema.

"Ni nyanya."

"Si usukani."

"Si usukani, Merv. Nisamehe."

"Wewe uliweka josho? Acha upuuzi." Akavuta fimbo yake. "Zilikuwa tamu lakini, hilo tuseme kweli."

Noeline akapiga simu serikalini, na Machi akaja mwanamke wa ofisi ya udongo, Bi Thorne, amevaa buti safi. Kwanza alihesabu mibangi, akaikuta minne, akatia alama. Pili akashika sufu iliyokuwa imeshaota upya kwenye vyungu vitatu, akaisugua kati ya vidole viwili, akasema ni laini sana, mama yake angeipenda. Kisha akafungua ramani.

"Josho la shamba la Kirkwall lipo," alisema. "Tunalijua. Liko hapa, uwanjani kwa watoto."

"Hilo ni hori la farasi."

"Kwenye ramani ni josho."

"Na hizi namba za maabara?"

Bi Thorne alizisoma kwa makini na kukiri kuwa ni kubwa. Tatizo, alieleza, shamba moja limeandikishwa kuwa na josho moja, na josho hilo tayari lina uzio. Ili lihamishwe kwenye ramani lazima mwenye josho aombe.

"Mwenye josho alikufa mwaka hamsini na saba," Col alisema kutoka kwenye uzio.

"Ndiyo maana ombi limechelewa," Bi Thorne alisema, bila kejeli yoyote. "Na sufu, kwa bahati mbaya, haimo kwenye orodha yetu ya dalili."

Aliwashauri waoshe mikono na wasile mboga za bustani, akashukuru kwa chai, akaenda. Noeline alibaki mlangoni na hasira zake. Alitaka kumrushia kitu, na kilichokuwa karibu ni ndoo ya maji mazuri yaliyokaa siku nzima, akaona ni hasara. Akakipelekea chungu cha nne.

Mbangi huo wa nne ulivunwa tarehe ishirini Aprili, siku mbili kabla ya jalidi. Aliukausha gizani kwenye kabati la mashuka, akapika mafuta kwa moto mdogo, akayapima kwa sindano isiyo na ncha. Usiku wa kwanza Merv alilala saa saba mfululizo. Kulipokucha alikaa kitandani akapindapinda vidole vya miguu kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa, na Noeline akalia kidogo kwa furaha, akisingizia mvuke wa birika.

Jumamosi iliyofuata Noeline alikuwa akimwosha Merv mgongo, kwa kuwa mikono yake bado haikushika sabuni. Chini ya kisogo, pale ukosi unapofunika, kidole chake kikagusa kitu. Akaondoa povu. Akaenda kuleta kioo cha kukuzia.

Mawimbi madogo, yamebanana. Mafuta. Ncha ya manjano.

"Nini?" Merv aliuliza.

"Tulia."

"Nitrojeni imezidi?"

"Tulia, Merv, nakuomba." Akaendelea kuosha, kwa upole zaidi, na maji yakapoa.

Col alikuja Jumatatu na mkasi wake. Walimkalisha Merv chumba cha kufulia, taulo shingoni. Sufu ilikuwa imeshafika mabegani, safi, nyeupe. Col alimnyoa kwa mikono myepesi, akimwambia ashushe kidevu, akimwambia kondoo hawakuwa wakorofi kiasi hiki.

"Wewe ulikula nyanya zile zile," Merv alimwambia. "Mbona huoti?"

"Itaotea wapi?" Col alijibu, akajipapasa upara. Hakucheka sana.

Barua ya ofisi ilikuja asubuhi hiyo, ukurasa mmoja: ramani imepitiwa upya na hakuna mabadiliko. Noeline aliikunja, akaiweka ndani ya daftari. Kisha akakusanya sufu sakafuni, akaipima, akaipata gramu arobaini na mbili. Chini ya mistari ya vyungu akaandika: *Merv. Maji: ya bomba, mema. Udongo: wa bustani. Muda: miaka thelathini na moja.* Akafunga daftari.

Col alikuwa akifuta mkasi. Alisema asingekaa kunywa chai, kwa kuwa mzee Halloran wa namba kumi na nne alikuwa anamsubiri, na baada ya hapo wale dada wawili wa pale kona. Wote walikuwa wamepiga simu wiki hiyo. Njiani alipita uwanja wa watoto, ambako wafanyakazi wawili walikuwa wanapaka rangi mpya uzio wa hori la farasi. Aliwasalimu, nao wakamsalimu.