Nguvu za Kuta

Tangu gunia la mchele lilipomwangukia mgongoni kule Lunga Lunga, Tsuma hakuweza tena kupakua malori. Alishinda nyumbani kwake Bongwe, amejilaza ubavu mkekani, simu mkononi, akijenga ngome katika mchezo wa vita. Mkewe Dama alitoka alfajiri kwenda kufua mashuka ya hoteli Diani, akarudi vidole vimekauka kwa sabuni. Hawakuzungumza sana. Wote wawili walikuwa wamechoka, kila mtu kwa namna yake.

Mchezoni, Tsuma alikuwa mtu wa maana. Juu ya jina la kila mchezaji palikaa nambari, jumla ya nguvu zake, na ya Tsuma iliwapita wote katika kundi lake la wachezaji. Watu wa Ukunda na Waa ambao hakuwahi kuwaona walimwita Mkubwa.

Alasiri moja Jemima, kiongozi wa kundi, mwanamke wa bara aliyefanya kazi hotelini Ukunda, alimtumia ujumbe wa sauti. "Mkubwa, Jumamosi ni vita. Wewe ndio utatangulia. Na hizo nguvu zako, hakuna msee atakugusa."

Dama alikuwa akimenya mihogo. "Mbona hufurahi?"

"Najua hesabu yenyewe inavyofanywa."

Akamweleza. Mchezo ulijumlisha kila kitu: wapiganaji, silaha zao na mafunzo yao, lakini pia kuta, visima na maghala. Ukipandisha ghala daraja, nambari nayo hupanda.

"Kupigana kunataka mtu akae kitako abonyeze upesi, nami kukaa siwezi," alisema. "Kujenga ni kungoja tu. Basi nimejenga. Wapiganaji wangu ni wachache, tena dhaifu. Ghala haliendi vitani, Dama."

"Waambie."

"Nikiwaambia nitakuwa nani?"

Dama alibeba mihogo yake akaenda kuinjika sufuria.

Tsuma aliusikiliza ujumbe wa Jemima tena na tena mpaka moshi wa kuni ukaingia chumbani. Kisha akabonyeza, akasema, "Jemima, nguvu zangu ni za kuta. Mgongo wangu umeumia, siwezi kukaa nikapigana. Mtangulize Swabir wa Waa. Nambari yake ni ndogo kwa kuwa hajajenga, lakini wapiganaji wake ni wa daraja la juu."

Jemima akajibu. "Ungesema mapema. Tulikuwa tumekupangia kila kitu." Mwengine akaandika kwamba Tsuma amewapumbaza. Tsuma alisoma, akageuza uso wake ukutani.

Jumamosi Swabir alitangulia, wakashinda kwa taabu. Kundi zima likampongeza. Hakuna aliyemtaja Tsuma, wala hakuna aliyemwita Mkubwa tena.

Jioni yake Swabir akampigia simu. Sauti ilikuwa ya kijana mwenye adabu. "Shikamoo, kaka. Nimekupigia kukujulia hali. Mgongo waendeleaje?"

Tsuma hakutoa jibu la kawaida, la alhamdulillahi. "Marahaba," alisema. "Daktari wa Msambweni aliniambia sitabeba tena mzigo maisha yangu. Sijamwambia mke wangu."

Dama alikuwa kizingitini, ameloweka miguu katika beseni la maji ya moto. Alisikia. Aliitoa miguu taratibu, akaja hivyo hivyo ikichuruzika maji, akaketi mkekani karibu naye, akamngoja amalize kuzungumza.