Friji Lililovaa

Luku ilikata umeme Redempta akiwa anamenya ndizi. Upande wa pili wa ukuta subufa ya Mwalimu Theodori ilinyamaza katikati ya pambio, na mkewe Jovita akautangazia uwanja wote:

"Limeshakula tena! Mama Hope, dude lako limeshakula tena!"

Mama Hope ndiye Redempta. Siku hizo hata kujibu kulikuwa kazi, na kazi alikuwa nazo za kumtosha. Alibaki kwenye kigoda, kisu mkononi, akimtazama mshtakiwa.

Kusema haki, mshtakiwa hakuwa na sura ya mwizi. Lilikuwa friji la kimo cha kati, limesimama sebuleni pembeni ya runinga kama mgeni rasmi, kwa sababu jikoni hapakuwa na nafasi, na kwa sababu hakuna mtu mtaani Nangara anayenunua friji akalifiche jikoni. Tena lilikuwa limevaa. Mafriji ya watu wengine huvaa kitambaa kichwani, basi. Hili lilikuwa na vazi kamili la kufuma, jeupe lenye maua ya njano, lililoanzia utosini likashuka hadi miguuni, vifungo viwili mbele ili mlango ufunguke, na nyuma likaburuza kama joho la askofu. Chini ya joho kulikuwa na kitenge, maana vumbi la kiangazi haliombi ruhusa kuingia ndani. Mfumaji alikuwa Bibi Frida, mama mkwe wa Redempta, aliyekuja mjini kutibiwa goti. Goti lilipona. Bibi Frida akabaki, na uzi wake ukabaki naye.

Ndani ya vazi hilo ndimo ulimokaa mtindi. Maziwa yalishushwa kwenye basi la Katesh, Redempta akayabeba, akayachemsha, akayagandisha, akayapoza, kisha akazunguka nayo kwenye maofisi ya mkoa, chupa kwa chupa, ngazi kwa ngazi, akiwaamkia watu waliokuwa wanapiga miayo. Mumewe Baltazar aliendesha lori na kuonekana nyumbani kwa nadra, kama mwezi mchanga. Mtindi ndio uliomweka binti yao Hope shule ya bweni. Bila friji hakuna mtindi, na bila mtindi Hope angerudi nyumbani na sanduku lake la bati kichwani.

Ila nyumba ile ilikuwa na vyumba vya familia mbili na mita moja ya luku. Umeme walichangia sawa kwa sawa, na kila ulipoisha kabla ya wakati, macho yote yaligeukia mahali pamoja. Malalamiko yalishafika Nakwa, kwa Mzee Yoakimu mwenye nyumba, anayelima mboga zake huko na asiyependa kusumbuliwa. Alituma jibu fupi: angekuja Jumapili baada ya misa. Ama friji lizimwe moja kwa moja, ama friji na mwenye friji watafute kwingine.

Redempta alijaribu kila alilolijua. Alifungua balbu ya ukumbini akaiweka kabatini. Nguo alizipiga pasi kwa mkupuo, nyingine alizikalia tu ili zinyooke. Runinga aliichomoa ukutani, Bibi Frida akakosa tamthilia yake na kununa wiki nzima. Luku haikujali. Jioni alirudi miguu ikiwaka moto, akachemsha maziwa, na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukaa macho akisubiri yapoe, aliisukuma sufuria ndani ya friji ikiwa bado inatoa mvuke, akaufunga mlango kwa kiuno, akalala na viatu.

Jumapili ikafika. Mzee Yoakimu aliingia amevaa koti la misa na uso wa hakimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Hope. Mbona umekonda?"

"Ni kiangazi tu, baba."

Alipewa kiti kizuri. Mwalimu Theodori alikaa karibu na mlango, Jovita akasimama akiwa amefunga khanga kiunoni kwa ajili ya vita. Bibi Frida alikaa pembeni ya friji lake, sindano za kufumia mkononi, anafuma kitu ambacho hakuna aliyethubutu kuuliza ni nguo ya nani.

"Zimeni kila kitu," Mzee Yoakimu aliamuru. "Kila kitu! Mwalimu, na hiyo spika yako ya kanisa."

"Hiyo ni subufa, mzee."

"Nayo izimwe."

Wakazima, wakatoka nje kuitazama luku ukutani. Kale kataa kekundu kanakokonyeza umeme unapotumika kalikuwa kametulia. Redempta akatumwa kuliwasha friji peke yake. Taa ikaanza kukonyeza. Wakasimama, wakaisubiri iache. Mzee Yoakimu akakohoa, akabadilisha mguu wa kusimamia. Taa iliendelea kukonyeza kama kijana mhuni stendi.

"Nilisema mimi," Jovita alisema. "Friji la dada yangu kule Magugu huunguruma, halafu linanyamaza. Linakaa kimya mpaka unasahau kama lipo. Hili la kwako, Mama Hope, tangu tuhamie hapa sijalisikia likinyamaza. Usiku na mchana, ngurrr, ngurrr. Mwenzangu, mimi linaninyima hata usingizi, wewe hulisikii?"

Redempta kweli hakuwa analisikia. Alidhani ndivyo mafriji yalivyo, kwamba kitu kikishanunuliwa ili kifanye kazi, kinafanya kazi mpaka kife. Hakuwahi kuambiwa kwamba kuna friji linalopumzika.

Alirudi ndani bila kuaga. Wengine wakamfuata. Alipiga magoti nyuma ya friji, akapenyeza mkono chini ya joho, chini ya kitenge, akautoa haraka na kuupuliza.

"Kuna moto huku kama wa pasi."

"Linaungua?" Mwalimu Theodori akainuka.

"Haliungui. Limefunikwa." Redempta alikaa sakafuni palepale, mgongo ukutani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu mizigo yake mwenyewe. "Joto linatokea mgongoni, na mgongo tumeufunga. Mtu umvalishe koti juu ya koti, umsimamishe akiwa ameegemea ukuta, halafu kila jioni umnyweshe sufuria ya maziwa ya moto. Huyo atapumzika saa ngapi?"

Hakuna aliyemtazama Bibi Frida, na kwa namna hiyo wote wakawa wanamtazama.

"Mama," Redempta alisema, "naomba nilivue."

Sindano zilisimama. "Univulie friji? Mbele za wageni? Jumapili?"

"Mama, samahani."

"Vazi hili nimelifuma macho yakitoka machozi. Majirani wa kwetu Dareda wanajua. Padre anajua! Kwa hiyo leo mwizi wa umeme ni mimi?"

"Mwizi hayupo, mama. Maziwa ya moto ni mimi niliyeyaweka." Redempta aliegemeza kichwa ukutani. "Lakini friji likiondoka, Hope anarudi na sanduku lake."

"Hope hajafanya kosa lolote."

"Ndiyo, mama. Hajafanya."

Bibi Frida alilitazama friji kwa muda mrefu, kama mtu anayemuaga msafiri. Kisha aliweka uzi chini, akainuka kwa goti lake lililopona, akanyoosha khanga yake.

"Wanaume," alisema, "geukeni."

Mzee Yoakimu alimtazama Mwalimu Theodori. Mwalimu Theodori aliitazama dari. Wakageuka, waheshimiwa wawili, wakaikabili kalenda ya ukutani, na Mzee Yoakimu akavua kofia. Nyuma yao vifungo vilifunguliwa kimoja kimoja. Jovita, adui wa friji, alishika upande wa pili wa joho ili lisiburuzwe kwenye vumbi, na kitenge kikafuata.

"Mnaweza kutazama," alisema Bibi Frida.

Friji lilisimama jeupe, jembamba, lenye kutu kwenye kiuno, dogo kuliko walivyolizoea. Walilivuta mbali na ukuta, na nyuma yake wakakuta kijiko kilichodhaniwa kimeibiwa na rozari ya Bibi Frida. Sufuria ya maziwa yaliyochemshwa asubuhi hiyo ilitolewa ipoe mezani. Kisha wakaketi kusubiri, maana hakimu hawezi kuhukumu katikati ya ushahidi. Jovita alichemsha chai kwenye jiko la mkaa, akawagawia bila maneno. Jua lilihama kutoka mlangoni likapanda kwenye miguu ya viti. Friji likaendelea kuunguruma, na moyo wa Redempta ukawa unashuka taratibu, hadi hata kushuka kukamchosha.

Ghafla friji lilitetemeka, vikombe juu ya meza vikagongana, na likanyamaza.

"Limekufa!" Bibi Frida akashika kifua. "Nilijua! Limepatwa na baridi!"

Jovita alikimbia nje kuitazama luku. Alirudi akitembea kwa vidole, bila kujua kwa nini.

"Taa imetulia," alinong'ona. "Halijafa. Limelala."

Walisikiliza. Sebule ile ilikuwa na sauti nyingine ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia: kuku wa jirani, bodaboda mbali barabarani, na mtu anayekoroma taratibu.

Mzee Yoakimu, aliyekwisha simama ili atoe hukumu, alifuata ule mkoromo kwa macho. Redempta alikuwa amelala palepale sakafuni, mgongo kwenye ukuta lilipokuwa friji, kikombe cha chai kimeinama mkononi, mdomo wazi.

Bibi Frida alimwondolea kikombe. Alilitazama joho alilolikunja mapajani, akalitazama friji, kisha akalikunjua na kumfunika mkwe wake kuanzia mabegani hadi miguuni. Lilimtosha. Vile vifungo viwili akavifunga.

"Akiamka mwambieni," Mzee Yoakimu alisema kwa sauti ndogo, akitafuta neno lifaalo kusemwa Jumapili, "friji linabaki. Ila libaki hivyo hivyo lilivyo."

Friji likaguna, likaanza tena kazi.

"Sshh!" Jovita alilikemea.