Mtaa Uliopewa Jina la Mwantumu

Mwenye mtoto nyumbani asogee karibu, asiye naye apite salama, maana haya si ya kuchekea. Mama Mwantumu anajinyoosha kwenye mkeka baada ya chakula cha mchana, hapo hapo barazani kwake Muheza, mikono bado inanuka bagia, wala hana nia ya kulala, anataka kuupumzisha mgongo tu. Pembeni yake watoto wanacheza. Si rede wala kombolela, ni ule mchezo wao wa siku hizi, wamepasua mfuko wa saruji, wameukunjua, na upande wa ndani wamechora mji mzima, mji ambao haupo popote, una mazimwi na wachawi na wezi, na binti yake Mwantumu ndiye msimulizi, yeye anautunga mji kwa maneno na wenzake wawili, Hidaya na Mwenjuma, wanaingia humo kwa maneno, mmoja askari, mmoja mganga, kisha wanatupa dadu kujua kama wamepona au wameliwa. Leo wanaipa mitaa majina. Tanuruni, wanakokaa wafua vyuma. Majokachini. Vioo Vingi. Mama anasikia na kuguna. Nyie watoto, anawaambia macho kayafumba, mtaa haupewi jina na mtu aliyekaa kitako. Mtaa hujipa wenyewe. Mtu ana mbuzi kichaa anapiga wapita njia pembe, basi pale panaitwa Kwa Mbuzi Kichaa mpaka mbuzi keshaliwa na mwenyewe keshazikwa. Wanacheka. Mwantumu anasema, mama, umebaki mmoja tu, huu wa mwisho kabisa chini ya ukuta, nipe jina. Sijui mimi. Jamani mama, moja tu! Mwenjuma anadakia, uite Kwa Mama Bagia. Mama anasema, we Mwenjuma, ishia hapo hapo kabla sijakutwanga mwiko. Mama, lakini! Mama! Na yeye, usingizi umeshamning'inia kwenye kope, anatamka neno ambalo mama yeyote aliyechoka angelitamka: we mtoto nawe, si uweke lako basi, uniache. Anasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Kisha mkeka unazama.

Unazama taratibu kama jani la mgomba linavyozama kwenye bwawa, na yeye juu yake, na akitazama miguu yake anaiona inatembea barabarani, barabara ya rangi ya karatasi ya saruji, haina vumbi, haina mwisho, pembeni nyumba zimechorwa kwa wino wa bluu na madirisha mengine hayajamaliziwa. Anajua alipo. Hilo ndilo linalomtisha, kwamba anajua. Juu mbinguni inapiga radi, lakini si radi ya mvua, inagongagonga na kubiringika kama dadu sakafuni, na ikitulia barabara inageuka yenyewe, kulia kunakuwa kushoto, na msikiti aliouona mbele anauona nyuma. Anasikia sauti ya Hidaya kutoka juu kabisa, kubwa kama ya mnadani, ikisema, nne, barabara imefungwa. Na ya Mwenjuma ikisema, haya, sasa nini kinafuata? Mwantumu, nini kinafuata? Hidaya anauliza, kwani Mwantumu yuko wapi, si alikuwa amekaa hapa sasa hivi? Ndipo mama anapoinua uso juu. Anapaza sauti, Hidaya! Mimi mama yake, niko huku chini! Tazameni karatasini! Lakini mtu aliye ndani ya karatasi sauti yake haipandi, inabaki inamzunguka miguuni kama kifaranga.

Anakimbia. Anafika Tanuruni, anawauliza wafua vyuma, jamani hamjamwona binti yangu, mrefu mwembamba, kavaa gauni la maua ya njano? Wanagonga nyundo tu, maana walichopewa ni jina na nyundo, hawakupewa masikio. Radi inabiringika. Sasa yuko Vioo Vingi, nyumba zote ni vioo tangu msingi hadi paa, na katika kila kioo anajiona yeye mwenyewe yuko Muheza anakaanga bagia, anaziepua, anawafungia wateja kwenye gazeti, lakini barazani pake hakuna mtoto, na mbaya zaidi, yule mama wa kwenye kioo hamtafuti mtu. Anacheka na wateja. Hana habari. Anapiga kioo kwa kiganja, anapiga, anapiga, na nyuma yake mtu anasema, utavunja mkono mama, huyo hajawahi kuzaa.

Anageuka. Ni hamali, kabeba gunia begani, suruali imekunjwa magotini kama mahamali wote, lakini usoni hana kitu, laini kama sahani iliyooshwa, maana hao watoto hawakumaliza kumchora. Mama anamwambia, baba, nakuomba, mwanangu yuko wapi? Hamali anatua gunia. Anasema, kitendawili. Mama anasema, sina nafasi ya vitendawili. Anarudia, kitendawili. Basi atafanya nini, amelelewa hivyo, ulimi wake unajibu wenyewe: tega. Hamali anasema, nilimpokea siku aliyozaliwa, nikamsindikiza mpaka kaburini, mimi sikuzikwa. Mama anahangaika, anasema, mkunga. Siye. Udongo. Siyo. Jua? Hamali anacheka bila mdomo, cheko lake linatoka kwenye gunia. Umeshindwa, nipe mji. Na mama, kama alivyozoea tangu utoto wakikoka moto na bibi, kama alivyozoea kila mtu ajuaye kugawa miji isiyo yake, anajibu bila kufikiri, haya, nakupa Korogwe. Hamali anasema, Korogwe nimekwenda, nikafikia kwa mwanamke mmoja mkarimu, akanipikia wali, akanitandikia kitanda cha mwanawe, asante sana. Jibu ni jina. Na hapo hapo mama anahisi kitu kimechomolewa kifuani pake kama uzi kwenye pindo. Korogwe. Dada yake ameolewa Korogwe. Anataka kumkumbuka uso, hauji. Anataka kukumbuka nyumba, njia ya kuteremka toka stendi, mti wa mlimao uani, hakuna, pamebaki shimo la rangi ya karatasi. Anasema, umefanya nini wewe? Hamali anasema, mimi? Umenipa mwenyewe. Au kwenu mnatoa miji kwa masihara?

Anamwambia, nirudishie. Anasema, kilichotolewa kwa kinywa hakirudi kwa kinywa, njoo, mwanao yuko mbele. Basi anamfuata, angefanya nini? Barabara inajikunja na kujikunjua, wanapita mlango uleule wa bluu mara nyingi, na kila wakipita umechakaa zaidi, na hamali anatembea huku akitega. Sina ukuta, sina paa, watu wanapotea ndani yangu. Mama anafunga mdomo asijibu, lakini asipojibu barabara inasimama, haisogei hata hatua, na kwa mbali anasikia kikohozi anachokijua. Anajaribu. Msitu? Siyo. Mama anaona bora atoe mji wa mbali asikokuwa na mtu, anasema, nakupa Mombasa. Hamali anasema, Mombasa nimekwenda, nimekula, nimeshiba, jibu ni mchezo wa watoto. Na kumbe Mombasa nako alikuwa na mtu, marehemu baba yake alifanya kazi huko, ndiko alikomnunulia kanga yake ya kwanza, na sasa ana baba aliyefanya kazi mahali pasipo jina, aliyerudi kutoka kusikojulikana. Uzi unachomoka. Anatembea analia, kamasi zinamtoka, anafuta kwa ncha ya kanga, na hajui kanga hiyo kaipata wapi.

Kisha anausikia mtaa kabla hajauona. Unanuka mafuta ya nazi, yale anayompaka mwanawe kichwani akimsuka. Ni mtaa wa mwisho kabisa, chini ya ukuta, nyumba zake nyembamba na ndefu, na una kikohozi, kila upepo ukipita vichochoro vinakohoa kidogo kama Mwantumu anavyokohoa tangu masika. Mama anasimama katikati ya njia. Anaita, Mwantumu! Na madirisha yote, ya juu na ya chini, ya kulia na ya kushoto, yanafunguka kwa pamoja yanaitika, abee mama! Anasema, mwanangu, toka, twende nyumbani. Madirisha yanasema, nitatokaje mama, watu wamo ndani yangu. Na kweli wamo, anawaona sasa, wanawake wanaanika nguo kwenye kamba, mzee anakuna nazi, mtoto mchanga kalazwa kizingitini. Waambieni wahame, mama anasema. Watahamia wapi, madirisha yanajibu kwa upole, kwa sauti ileile ya kuomba hela ya kalamu, hawa hawana kwingine, mimi ndiyo kwao. Halafu kimoja tu, kidirisha kidogo cha juu, kinasema peke yake, mama, ni wazito. Mama anaushika ukuta wa nyumba ya karibu, anaukumbatia, ni wa moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Anaukwangua kwa kucha. Wino unamtoka vidoleni, ukuta uko vilevile.

Hamali anatua gunia lake. Anasema, cha mwisho hiki, ukikipata unamtoa. Mama anasema, tega, baba, tega upesi. Hamali anasema, nikichoka nachoma, nikilala natafuta, nikipata sishiki. Mama anafikiri. Anafikiri kwa nguvu zote za darasa lake la saba, anageuza maneno kama anavyogeuza bagia, asiyaunguze. Anasema, moto. Siyo. Mwindaji. Siyo. Anasema, nipe muda. Huku juu radi ya dadu imeanza kubiringika, na sauti ya Hidaya inasema, basi tukunje karatasi, msimulizi hayupo, na anga upande mmoja linaanza kuinuka kweli, linapinda, linawajia. Hamali anasema, umeshindwa. Nipe mji. Mama anatafuta kichwani, anasema, nakupa Unguja. Hamali anasema, Unguja hukuwahi kufika, huna pa kunipa, gunia langu halibebi hewa. Unayo miwili tu iliyobaki. Huu hapa alimo mwanao, na kwenu.

Nyie mnaosikia, msiseme mngefanya nini. Anga linakunjika. Madirisha yanamtazama yote, hayaombi, na hilo ndilo baya, mtoto asipoomba. Mama anaona Muheza yote mara moja, baraza, jiko, jirani yake Mwanakombo anayemdai chumvi na kumdai umbeya, machungwa yamerundikwa barabarani, kaburi la mama yake kule kwenye mikorosho. Anasema, nakupa Muheza. Chukua. Niachie huyu. Hamali anainua gunia, safari hii linaonekana zito kweli, mabega yanamshuka. Hasemi nimekwenda, hasemi nimekula, hasemi jibu. Anaondoka tu, na mpaka leo jibu hajalileta. Karatasi inajifunga.

Mama Mwantumu anafumbua macho. Yuko kwenye mkeka, jua limesogea, shavu limechorwa mistari ya ukili. Na Mwantumu yupo! Amechutama mbele yake na gauni lake la maua ya njano, anamtikisa bega, mama, mama, mbona unalia usingizini? Mama anamkamata mikono yote miwili, anambana hadi mtoto anasema, aah, unaniumiza. Anamgusa uso, pua, masikio, kila kitu kipo. Mwantumu. Abee. Mwantumu. Abee mama, si niko hapa? Sauti moja tu, imetoka kinywa kimoja. Alhamdulillahi, mama anasema, Alhamdulillahi, na anacheka, na anatazama juu ya bega la mtoto, anaona baraza, anaona njia, anaona watu wanapita na nyumba za ng'ambo na minazi nyuma yake, yote mahali pake, mazuri, safi, na hakuna hata kimoja anachokikumbuka. Anauliza polepole, mwanangu, hapa ni wapi? Mwantumu anacheka. Nyumbani, mama. Anasema, najua nyumbani, lakini panaitwaje? Mtoto anafungua mdomo. Kisha anaufunga, anageuka kuwatazama Hidaya na Mwenjuma, nao wanamtazama yeye, wamekaa na dadu mkononi, wakingoja msimulizi achague jina.